Jinsi walokole weupe wa Marekani walivyopata kadi ya chama

Mwaka 2011 taasisi ya utafiti ya PRRI iliwauliza Wamarekani swali moja: je, kiongozi aliyetenda uovu katika maisha yake binafsi anaweza bado kuifanya kazi ya umma kwa uadilifu? Miongoni mwa Wakristo weupe wa kiinjili, yaani walokole weupe, asilimia 30 tu walisema anaweza. Hakuna kundi la dini lililokuwa kali kuliko wao. Oktoba 2016 swali lile lile likaulizwa tena, na safari hii asilimia 72 wakasema anaweza. Ndani ya miaka mitano waliokuwa wakali kuliko wote wakawa wasamehevu kuliko wote. Biblia ilikuwa ile ile. Aliyebadilika ni mgombea.

Mgombea mwenyewe alikuwa Donald Trump, mtu wa ndoa tatu na mmiliki wa zamani wa kasino, ambaye mwezi huo huo ilivuja kanda akisikika anajisifu kuwashika wanawake sehemu za siri. Novemba, wapigakura walipohojiwa wakitoka vituoni, walokole weupe wanane kati ya kumi walikuwa wamempa kura. Ikawa hivyo tena 2020, ikawa hivyo tena 2024. George W. Bush, ambaye husimulia jinsi alivyomrudia Mungu na kuacha pombe, hakupata zaidi ya hapo mwaka 2004. Mitt Romney ni Mmormoni, na kwa mafundisho ya Wabaptisti wengi Mmormoni hahesabiwi kuwa Mkristo. Naye alipata karibu kiasi kile kile mwaka 2012. Aje mcha Mungu, aje asiye na habari na Mungu, ilimradi amesimama kwa tiketi ya Republican, kura ni ile ile.

Ukiwauliza wenyewe, wengi watakujibu kwa neno moja: mimba. Chama cha Democratic kinatetea haki ya kutoa mimba, Republican kinaipinga, basi Mkristo afanyeje? Jibu hili lina ukweli ndani yake, wala sipendi ule uandishi unaowafanya waumini hawa wote kuwa wanafiki. Lakini halitoshi. Kuna miaka ambayo halielezi, na kuna watu ambao halielezi. Nianze na watu.

Ninaposema Wakristo wa kiinjili wa Marekani, msomaji wa Moshi au Bukoba asiwafikirie Walutheri wa KKKT. Hawa ni watu wanaoshika mambo manne kwa nguvu: Biblia ndiyo yenye neno la mwisho, mtu lazima azaliwe mara ya pili, msalaba ndio kiini cha wokovu, na kila aliyeokoka ana wajibu wa kuwahubiria wengine. Wengi ni Wabaptisti wa Kusini, wengine Wapentekoste, wengine wa makanisa huru yasiyo na dhehebu, yenye maegesho ya magari makubwa kuliko uwanja wa mpira. Kwa lugha yetu ni walokole. Afrika Mashariki tunawajua zaidi ya tunavyodhani: wamisionari wa Africa Inland Mission walioshuka Mombasa mwaka 1895, wakaanza kazi Ukambani na baadaye wakajenga Kijabe, walitoka katika shina hili hili. Makanisa ya AIC ya Kenya na Tanzania ni matunda ya kazi yao.

Sasa mchukue Mbaptisti mweusi wa Georgia. Naye ameokoka, anabatizwa kwa kuzamishwa majini, anaamini Yesu anarudi, na katika mambo ya ndoa na mimba mara nyingi msimamo wake ni wa kihafidhina. Siku ya uchaguzi, karibu tisa kati ya kumi wa aina yake wanapigia Democratic. Kama ni Biblia pekee inayopeleka watu kwenye sanduku la kura, hawa wangepanga foleni moja na wenzao weupe. Hawapangi. Kwa hiyo lile neno "weupe" lina kazi, na kuielewa kazi yake inabidi turudi nyuma kidogo.

Dhehebu kubwa kuliko yote la Kiprotestanti Marekani, Southern Baptist Convention, lilizaliwa mwaka 1845 kwa ugomvi wa utumwa: Wabaptisti wa Kusini walitaka mwenye watumwa aruhusiwe kuwa mmisionari, wa Kaskazini wakakataa. Lilikuja kuomba radhi rasmi mwaka 1995, miaka 150 baadaye. Katika sehemu kubwa ya muda huo mzungu wa Kusini alikuwa mtu wa Democratic, kwa sababu Republican kilikuwa chama cha Lincoln kilichowafungulia watumwa. Mambo yalianza kupinduka pale Rais Lyndon Johnson, mtu wa Texas na wa Democratic, aliposaini sheria ya haki za kiraia mwaka 1964 na ile ya haki ya kupiga kura mwaka 1965. Wazungu wa Kusini wakaanza kuhama chama, kwanza kwenye kura za urais, halafu taratibu hadi kwenye halmashauri. Republican wakawafungulia mlango.

Hata hivyo kuhama kwa wazungu wa Kusini na kuhama kwa walokole si jambo moja, ingawa yalipishana njiani. Mwaka 1976 walokole walikuwa bado hawajawa wa mtu. Mwaka huo Jimmy Carter, mkulima wa karanga na mwalimu wa shule ya Jumapili huko Plains, Georgia, aligombea kwa tiketi ya Democratic na kutamka waziwazi kwamba amezaliwa mara ya pili. Waandishi wa Washington walilazimika kuuliza maana yake nini. Kura za walokole weupe ziligawanyika, Carter akapata sehemu nzuri, akaingia Ikulu. Miaka minne baadaye, watu hao hao walimwacha mwalimu wa shule ya Jumapili wakamfuata Ronald Reagan, mwigizaji wa Hollywood aliyetalikiana na mke wake wa kwanza na kuoa mwingine. Katika miaka hiyo minne ndimo lilimo jibu la fumbo letu.

Simulizi inayopendwa makanisani husema kwamba Mahakama ya Juu iliporuhusu utoaji mimba nchi nzima mwezi Januari 1973, Wakristo walishtuka, wakaamka, wakaingia kwenye siasa. Kumbukumbu za mikutano hazisemi hivyo. Juni 1971, mkutano mkuu wa Southern Baptist Convention uliofanyika St. Louis ulipitisha azimio la kuwataka Wabaptisti wafanye kazi ili ziwepo sheria zinazoruhusu kutoa mimba katika hali za ubakaji, za maharimu, za kasoro kubwa ya mtoto tumboni, na pale afya ya mama, ya mwili au ya akili au ya hisia, inapokuwa hatarini. Soma tena maneno hayo ya mwisho: afya ya hisia. Leo mchungaji akiyatamka mbele ya Wabaptisti wa Kusini, hatamaliza mahubiri. Hukumu ya 1973 ilipotoka, W. A. Criswell, mchungaji wa kanisa maarufu la First Baptist la Dallas na mmoja wa vigogo wa dhehebu, aliipokea vizuri. Mkutano mkuu ukaurudia msimamo wake mwaka 1974, na kwa kiasi kikubwa tena 1976. Kwa walokole wengi wa wakati ule, mimba lilikuwa jambo la Wakatoliki.

Kilichowagusa moja kwa moja viongozi wao kilikuwa shule.

Mahakama ya Juu ilikataza shule za umma kutenganisha watoto kwa rangi mwaka 1954, lakini Kusini ilivuta miguu hadi mwisho wa miaka ya 1960, mahakama ilipochoka na kusema sasa basi. Wazazi weupe wakaanza kuwaondoa watoto wao na kuwapeleka shule binafsi zilizochipuka kila kona, nyingi zikiwa ndani ya majengo ya makanisa na zikibeba jina la Kristo. Kaunti ya Holmes, Mississippi, ni mfano wa kutosha. Mwaka wa kwanza wa kuchanganya watoto, wanafunzi weupe katika shule za umma walishuka kutoka zaidi ya 700 hadi 28. Mwaka uliofuata hakubaki hata mmoja. Wazazi weusi wa kaunti hiyo wakaenda mahakamani na hoja nyepesi kuisema, nzito kuijibu: kwa nini serikali iliyokataza ubaguzi izipe shule hizi msamaha wa kodi?

Msamaha huo haukuwa jambo dogo. Shule yenye msamaha hailipi kodi ya mapato, na kikubwa zaidi, anayeichangia anapunguziwa kodi yake mwenyewe kwa kiasi alichotoa. Ukiuondoa, wafadhili wanatoweka. Mwaka 1971 mahakama ya Washington iliamua kwamba shule inayobagua rangi haistahili msamaha. Mamlaka ya kodi ikaanza kutuma barua. Moja ilikwenda Bob Jones University, chuo cha walokole wa msimamo mkali huko Greenville, South Carolina. Chuo hicho hakikupokea wanafunzi weusi hadi mwaka 1971, na hata hapo kilipokea walio na ndoa tu, kisije kikazaa mapenzi kati ya rangi na rangi. Mwaka 1975 kikawaruhusu wasio na ndoa, lakini kikaweka kanuni kwamba mwanafunzi akichumbiana na wa rangi nyingine anafukuzwa. Januari 1976 kikanyang'anywa msamaha, na hesabu ikarudishwa nyuma hadi 1970. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, chuo kikashindwa mwaka 1983 kwa majaji 8 dhidi ya 1. Kanuni ya uchumba yenyewe ilifutwa mwaka 2000. Ndiyo, 2000.

Mwaka 1978 mamlaka ya kodi ikaenda mbali zaidi: ikapendekeza kwamba shule binafsi zilizoanzishwa au kupanuka wakati wa kuchanganya rangi zithibitishe kuwa hazibagui. Barua za kupinga zaidi ya laki moja zikamiminika. Si wazazi wote walioandika walikuwa wabaguzi. Wengine walikuwa na hasira na shule za umma kwa sababu nyingine: Mahakama ya Juu ilikuwa imepiga marufuku sala rasmi darasani mwaka 1962 na usomaji wa Biblia mwaka uliofuata, na kwao shule ya kanisa ilikuwa mahali pa mwisho ambapo mtoto angesikia habari za Mungu. Lakini wote, wabaguzi na wasio wabaguzi, walijikuta upande mmoja dhidi ya serikali moja, na ikulu alikuwemo Carter. Kwamba barua ya Bob Jones ilitoka chini ya Rais Gerald Ford wa Republican, mwaka mzima kabla ya Carter kuapishwa, hakuna aliyekumbuka. Lawama zilimwangukia mlokole mwenzao.

Aliyeiona nafasi hiyo mapema alikuwa Paul Weyrich, mwanaharakati wa kihafidhina na mmoja wa waanzilishi wa Heritage Foundation, taasisi ya sera ya kihafidhina. Hakuwa mlokole, alikuwa Mkatoliki. Kwa miaka alikuwa ametafuta jambo la kuwaingiza walokole kwenye siasa, akajaribu hili na lile, hawakusikia. Baadaye alisema mwenyewe kwamba kilichowaamsha ni serikali kuziingilia shule za Kikristo, mimba ikaja nyuma. Wapo wanahistoria wanaoona maelezo haya yanapunguza mno uzito wa mambo mengine, kama sala shuleni, haki za wanawake na haki za mashoga, na wana hoja. Mimi naona shule ziliwapa viongozi sababu ya kukusanyika, ila huwezi kuwaambia waumini wa nchi nzima wapige kura ili chuo cha Greenville kilinde kanuni yake ya uchumba. Palihitajika jambo linaloweza kusemwa madhabahuni bila aibu. Katika uchaguzi wa mabunge wa 1978, Wakatoliki wanaopinga utoaji mimba waligawa vikaratasi kwenye maegesho ya makanisa huko Iowa Jumapili ya mwisho kabla ya kura, na Seneta Dick Clark, aliyedhaniwa kuwa salama, akaanguka. Weyrich akaliona jambo lake.

Mchungaji aliyemhitaji naye alipatikana. Jerry Falwell wa Thomas Road Baptist Church, Lynchburg, Virginia, alikuwa amehubiri mwaka 1965 kwamba wachungaji wameitwa kuvua roho za watu na si kufanya siasa. Wakati ule mchungaji aliyekuwa barabarani akifanya siasa alikuwa Martin Luther King. Mwaka 1967 Falwell alifungua shule yake ya Kikristo, ambayo gazeti la mji liliieleza kuwa ya wanafunzi weupe. Mwaka 1979, pamoja na Weyrich, alianzisha Moral Majority, jumuiya ya kuwaingiza walokole kwenye siasa, na ule wito wa kukaa mbali na siasa hakuurudia tena.

Agosti 1980 wachungaji na waumini maelfu walikusanyika katika ukumbi wa Reunion Arena, Dallas. Sheria ya mwaka 1954 inakataza makanisa yenye msamaha wa kodi kumpigia debe mgombea. Ronald Reagan alijua hilo, akasimama akawaambia kwamba anajua wao hawawezi kumuunga mkono yeye, lakini anataka wajue kwamba yeye anawaunga mkono wao na wanachokifanya. Ukumbi ukalipuka. Sentensi moja iliikwepa sheria, ikawasifu, na ikafunga ndoa. Na mtu huyo, alipokuwa gavana wa California, alisaini mwaka 1967 sheria iliyolegeza masharti ya kutoa mimba.

Ndoa ikishafungwa, inatunzwa na kazi za kila siku zisizo na mvuto, na hapa ndipo maelezo mengi ya waandishi wa nje hupwaya. Wanaona hotuba, hawaoni mashine. Mhubiri wa televisheni Pat Robertson alipogombea urais mwaka 1988 na kushindwa, mwaka uliofuata alianzisha Christian Coalition, ikaongozwa na kijana mmoja mjanja, Ralph Reed. Silaha yao ilikuwa karatasi. Safu mbili, picha mbili za wagombea, na chini yake orodha ya mambo: mimba, sala shuleni, kodi, silaha, kila moja likiwa na "anaunga mkono" au "anapinga". Hakuna mahali palipoandikwa mpigie huyu. Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi karatasi zilikutwa ndani ya taarifa ya ibada au chini ya waipa za magari, mamilioni nchi nzima. Angalia vizuri jinsi kodi na silaha vilivyoingia kwenye orodha moja na sala. Muumini aliyekuja kwa ajili ya mimba alirudi nyumbani na kifurushi kizima, na baada ya miaka 20 akawa haoni tena kwamba vitu hivyo viliwahi kuwa mbalimbali.

Jambo la pili ni mshahara wa mchungaji. Kanisa la Kibaptisti halina askofu. Kusanyiko lenyewe ndilo linalomwajiri mchungaji, linalomlipa na linalomfukuza. Askofu wa Kianglikana akiwaudhi waumini wa mtaa mmoja, bado ana dayosisi nyuma yake. Mchungaji wa Kibaptisti akiwaudhi, Jumatatu asubuhi ana kikao na mashemasi. Kwa hiyo tunapouliza kwa nini wachungaji hawakuwakemea waumini wao, tukumbuke nani anamlipa nani. Russell Moore, aliyeongoza ofisi ya maadili na sera ya Wabaptisti wa Kusini, alimkosoa Trump waziwazi mwaka 2016. Mwaka uliofuata makanisa zaidi ya 100 yalitishia kuzuia michango yao. Mwaka 2021 aliondoka. Mwaka huo huo aliondoka Beth Moore, mwalimu wa Biblia ambaye vitabu vyake vilikuwa katika nyumba nyingi za wanawake wa dhehebu hilo. Si ndugu na Russell, wamegongana majina tu. Yeye pia alikuwa ameandamwa tangu alipolaani ile kanda ya Oktoba.

Inafaa kukumbuka kwamba mwaka 1998, wakati wa kashfa ya Bill Clinton, dhehebu hilo hilo lilipitisha azimio kwamba kuvumilia uovu mzito wa viongozi kunaunguza dhamiri ya jamii. Azimio halijafutwa hadi leo.

Basi 2016 ilikuwaje? Kwa upande mmoja ilikuwa biashara, na kama biashara hawakupunjwa. Mei mwaka huo Trump alichapisha orodha ya majaji 11 ambao angechagua kutoka miongoni mwao kujaza nafasi ya Mahakama ya Juu, kitu ambacho wagombea hawakuwa na desturi ya kufanya. Julai akamteua Mike Pence, mlokole asiye na doa machoni pao, kuwa mgombea mwenza. Akashinda, akalipa deni: majaji watatu, Neil Gorsuch, Brett Kavanaugh na Amy Coney Barrett, ubalozi wa Marekani ukahamishiwa Yerusalemu Mei 2018, jambo ambalo kwa walokole wengi lina uzito wa kinabii, na Juni 24, 2022, mahakama ile ikafuta hukumu ya 1973. Kwa wasioridhishwa na lugha ya biashara, palikuwa na Koreshi. Mhubiri Lance Wallnau alieneza kwamba Trump ni kama mfalme Koreshi wa Uajemi, mpagani ambaye Bwana alimtumia kuwarudisha watu wake, na kwamba habari zake zimo katika Isaya 45 na Trump atakuwa rais wa 45. Hoja ya Koreshi ilifaa sana, kwa kuwa ilimwondolea mgombea wajibu wa kuwa Mkristo.

Lakini kama ni biashara tu, 2024 inatushinda kuieleza. Hukumu ilikuwa imeshafutwa. Julai mwaka huo Republican kiliandika ilani mpya na kuondoa wito wa miaka mingi wa marufuku ya kitaifa ya kutoa mimba, suala likaachiwa majimbo. Trump akajitangaza mtetezi wa upandikizaji wa mimba kwa njia ya maabara, miezi michache tu baada ya Wabaptisti wa Kusini kupitisha azimio la kuutilia shaka. Bidhaa iliyowaleta dukani ikaondolewa kwenye rafu. Na kura? Wanane kati ya kumi, kama kawaida.

Hapo ndipo nasema hii imeacha kuwa hesabu ya faida na hasara. Imekuwa utambulisho, kama ukoo. Taasisi ya utafiti ya Pew iliwafuatilia watu wale wale kutoka 2016 hadi 2020 ikakuta kwamba kati ya weupe waliompenda Trump na ambao mwanzoni hawakujiita walokole, asilimia 16 walikuwa wameanza kujiita hivyo kufikia 2020. Si kanisa lililowaleta kwenye chama. Chama ndicho kilichowaleta kwenye jina la kanisa, na wengine wao jengo lenyewe hawalijui. Watafiti wanaona wanaojiita walokole huku hawahudhurii ibada wakiongezeka. Kwa mtu wa namna hiyo "mlokole" maana yake ni mzungu wa kihafidhina anayeipenda nchi yake, na kumkosoa mgombea ni kuwasaliti wa kwao.

Chama nacho kinalijua hilo, na ndiyo maana kinawasikiliza pale tu kinapotaka. Huku kwetu yameonekana mambo mawili. La kwanza ni PEPFAR, mpango wa dawa za UKIMWI ulioanzishwa na Bush mwaka 2003. Walokole walikuwa miongoni mwa walioubeba. Mwandishi wa hotuba zake, Michael Gerson, alikuwa mmoja wao na aliupigania ndani ya Ikulu. Mamilioni ya watu Afrika, wakiwemo wa Kenya, Uganda na Tanzania, wako hai kwa ajili yake. Mwaka 2023 mpango huo huo ulikwama bungeni kwa sababu makundi yanayopinga utoaji mimba yalidai fedha zake zinawafikia wanaoutetea, na ukapita Machi 2024 kwa kuongezewa mwaka mmoja tu badala ya mitano ya kawaida. Januari 2025 serikali mpya ilipogandisha misaada ya nje, kliniki zikasimamisha huduma ndani ya siku chache. Kulikuwa na walokole waliopaza sauti. Haikuwa sauti ya kuogopwa na mtu anayehesabu kura.

La pili ni wakimbizi. World Relief, shirika lililoanzishwa na umoja wa makanisa ya kiinjili wakati wa Vita Kuu ya Pili, lilikuwa moja ya mashirika yaliyokuwa yakipokea wakimbizi nchini Marekani kwa mkataba na serikali. Waumini wake wa kujitolea walikuwa wakiwafuata wageni uwanja wa ndege, wakiwatafutia nyumba, wakiwapeleka watoto shule. Wakongomani walikuwa kundi kubwa kuliko yote kati ya wakimbizi zaidi ya 100,000 waliopokelewa mwaka wa fedha 2024, wengi wao wakizungumza Kiswahili na wengi wakiwa Wakristo. Baadhi walikaa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, tangu utotoni. Lakini Pew ilipouliza mwaka 2018 kama Marekani ina wajibu wa kupokea wakimbizi, ni asilimia 25 tu ya walokole weupe walioitikia, kiwango cha chini kuliko kundi lolote la dini. Shirika lao linasema hivi, kura yao inasema vile. Siku ya kuapishwa kwake, Januari 20, 2025, Trump alisimamisha mpango mzima wa wakimbizi, na familia zilizokuwa na tiketi mkononi zikaambiwa zisisafiri. World Relief ilipinga hadharani. Mei, ndege ikaleta kundi la kwanza la Waafrikana weupe kutoka Afrika Kusini, na kiwango kilichotangazwa kwa mwaka wa fedha 2026 kilikuwa watu 7,500, kipaumbele kikiwa kwa Waafrikana hao hao.